Kabla ya Kuvuta Pumzi Ndefu, Toa Kwanza

Mtu akipandwa na hasira au akishikwa na hofu, ushauri wa kwanza anaopewa ni ule ule: "Vuta pumzi." Hapa Mwanza utausikia msibani Igoma, utausikia kwenye benchi la wanaosubiri daktari pale hospitali ya Bugando, utausikia kwa konda anayejaribu kumtuliza abiria aliyeibiwa simu. Nia ni njema. Lakini mtazame anayeutii. Mabega yanapanda, shingo inakaza, anameza hewa nyingi kwa mdomo na kuitoa upesi ili awahi kuvuta nyingine. Baada ya dakika moja au mbili kichwa kinakuwa chepesi, midomo na ncha za vidole zinaingia ganzi, moyo unadunda kuliko mwanzo. Anasema pumzi haimtoshi. Aliyemshauri naye anamwambia avute zaidi.

Wengi wakishapitia hayo huamua kwamba habari za kutuliza hisia kwa pumzi ni maneno matupu ya kwenye simu. Mimi naona pumzi haina kosa. Tumefundishwa nusu tu ya jambo, tena ile nusu isiyosaidia sana. Nusu iliyoachwa, ya kutoa hewa polepole mpaka iishe, ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi, kuanzia mapigo ya moyo hadi utulivu ambao watu wa sala wameutafuta karne kwa karne.

Tuanze na kosa lenyewe. Tunaamini kwamba mtu akihisi kukosa pumzi basi amepungukiwa oksijeni. Kwa mtu mwenye mapafu na moyo mzima, mara nyingi sivyo. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni, ambacho wengi tulikifahamu wakati wa UVIKO-19, kwa mtu mwenye afya husoma asilimia 95 na zaidi. Damu yake imeshabeba karibu oksijeni yote inayoweza kubeba, na akivuta hewa maradufu hataongeza cha maana. Kinachotawala hamu ya kupumua kwa kiasi kikubwa ni hewa ya ukaa, ile ambayo mwili huizalisha kila dakika. Ikipanda kidogo tu, ubongo unaamuru pumzi ijayo ije upesi.

Sasa anayehema haraka huifukuza hewa ya ukaa kuliko mwili unavyoizalisha. Ikipungua, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa, ndiyo maana kichwa kinazunguka. Damu hupoteza sehemu ya asidi yake, kalsiamu iliyo huru ndani yake hupungua, neva zinakuwa rahisi kusisimka. Hapo vidole huchomachoma na wengine hukakamaa viganja. Na lipo la ajabu zaidi. Mwaka 1904 Christian Bohr, mtaalamu wa fiziolojia kutoka Denmark, alieleza pamoja na wenzake kwamba himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, huiachia oksijeni kwa wepesi pale penye hewa ya ukaa ya kutosha. Ukiifukuza hewa hiyo, oksijeni inabaki imeshikiliwa kwenye damu. Kwa hiyo anayetweta akidhani anajiongezea uhai huupunguzia ubongo wake oksijeni, na ubongo uliopunguziwa unazidi kuogopa.

Nililiona jambo hili kwa karibu kwenye meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe katika Ziwa Victoria, mchana ambao upepo ulibadilika tukiwa tumeshauacha mji mbali. Ziwa lilichafuka. Binti mmoja aliyeketi karibu na mlango alianza kuhema, kwanza kimyakimya, kisha kwa sauti, huku vidole vya mkono wake wa kulia vikijikunja juu ya kitenge kama vinavyotaka kushika kitu. Watu wakampepea kwa magazeti na kumwambia avute hewa. Bibi mmoja aliyekuwa amekalia ndoo akasogea, akamshika mgongo.

"Mwanangu, usivute. Toa. Puliza kama unapoza chai."

"Bibi, siwezi, nakufa."

"Hufi. Puliza. Haya, nyamaza kidogo. Puliza tena."

Ilichukua muda. Lakini vidole vilikunjuka, na sauti ya binti ikarudi. Ziwa lenyewe halikuwa limetulia hata kidogo. Ajali ya MV Bukoba ya mwaka 1996 na ya MV Nyerere ya mwaka 2018 hazijasahaulika katika maji haya, na hofu ya abiria wa huku si ujinga. Bibi yule hakumwambia binti kwamba hakuna cha kuogopa. Alimsaidia tu asiongezewe hatari ya pili na mwili wake mwenyewe.

Kwa nini kutoa kunatuliza? Moyo hauendi kwa mwendo mmoja kama tunavyodhani. Unapovuta hewa moyo unaongeza mwendo kidogo, unapotoa unapunguza. Carl Ludwig wa Ujerumani alilirekodi hilo mwaka 1847. Unaweza kujipima: weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, kisha toa hewa polepole sana. Vijana hasa huusikia mpigo ukichelewa. Anayeuchelewesha ni neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo, ikapita shingoni na kushuka hadi moyoni, mapafuni na tumboni. Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura. Aliisisimua neva hiyo kwenye moyo wa kwanza hadi ukapunguza mwendo, kisha akachukua majimaji yaliyouzunguka na kuupa moyo wa pili, ambao haukuguswa na neva yoyote. Nao ukapunguza mwendo. Kumbe neva ilikuwa imeachia kemikali, ile ambayo leo inaitwa asetilikolini. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1936, pamoja na Henry Dale. Unapovuta hewa, kazi ya vagasi juu ya moyo hupungua, unapotoa, inarudi. Ukirefusha kutoa, unairefushia neva hiyo muda wake.

Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akishuka hadi mara sita hivi, yaani pumzi moja kwa sekunde 10, jambo jingine hutokea. Kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kifua kuna vipima presha vya mwili, ambavyo hupeleka habari kwenye ubongo, nao hurekebisha mapigo ya moyo. Mzunguko huo wa habari na marekebisho una mwendo wake, na kwa watu wengi mwendo huo ni karibu sekunde 10. Pumzi ikiingia kwenye mwendo ule ule, mapigo na presha hupanda na kushuka kwa mpangilio mmoja, na mwili unakuwa hodari zaidi kujirekebisha.

Tena pumzi ni kati ya kazi chache sana za mwili zinazoongozwa na pande mbili. Ini huwezi kuliamuru, tumbo huwezi kuliamuru. Pumzi inaendelea ukiwa umelala fofofo, lakini ukiamka unaweza kuishika, kuichelewesha, kuiimbisha. Mwaka 1991 kundi la Jack Feldman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, lilitambua kifungu kidogo cha seli za neva kwenye shina la ubongo kinachoanzisha mdundo wa kupumua. Kinaitwa preBötzinger. Kisha mwaka 2017 watafiti, Feldman akiwa miongoni mwao, wakagundua ndani ya kifungu hicho cha panya seli chache ambazo hazina kazi ya kuendesha pumzi, bali hupeleka habari zake kwenye sehemu ya ubongo inayoamsha na kutia wasiwasi. Seli hizo zilipoondolewa, panya waliendelea kupumua vizuri, ila wakawa watulivu isivyo kawaida. Panya si binadamu. Hata hivyo njia imeonekana: ubongo hauiendeshi pumzi tu, unaisikiliza pia, na ukiisikia inakimbia unaamini kuna jambo.

Kwenye hasira, faida ya kutoa pumzi iko mahali padogo sana. Chukua mwaloni wa Kirumba asubuhi, mchuuzi wa dagaa aliyeahidiwa bei jana jioni anaambiwa leo ndoo imepanda. Kabla hajasema neno, pumzi yake imeshakatika. Taya zimebana, kifua kimekaza, tusi limeshafika kwenye ulimi. Akiweza kushusha pumzi mara moja tu, polepole, mpaka mwisho, hasira haiondoki. Joto lipo pale pale. Ila tusi halijatoka bado, na katika sekunde zile chache anaweza kuuliza, "Jana tulikubaliana nini?" badala ya kusema lile ambalo litamharibia na mwenye mzigo mwaka mzima. Hadithi ya Mtume iliyopokewa na Abu Daud inamwelekeza aliyekasirika akiwa amesimama akae, na hasira isipomtoka ajilaze. Busara yake naiona karibu sana na hii: mwili ukipunguziwa utayari wa kupigana, ulimi nao unapata nafasi.

Nisieleweke vibaya. Bei ya dhuluma inabaki kuwa ya dhuluma hata baada ya pumzi 100. Siupendi kabisa mtindo wa kumwambia mfanyakazi asiyelipwa miezi mitatu kwamba ajifunze kupumua. Alipwe. Pumzi ni ya kumsaidia aidai haki yake akiwa na akili timamu, wala si ya kumnyamazisha.

Huzuni ina njia yake, na hapa sisi tunaumizana bila kujua. Msibani mwanamume akianza kulia anaambiwa ajikaze. Kujikaza kunafanyikaje? Anaishika pumzi. Anafunga koo, anabana tumbo, anavuta vipande vifupi vya hewa kwa juu. Siku zinapita, msiba unaisha, watu wanarudi makwao, yeye kifua bado kimefungwa. Kulia kwenyewe ni kupumua: pumzi ndefu inayotoka na sauti, kisha mivuto miwili mitatu ya haraka. Mwangalie mtoto aliyelia sana akaanza kunyamaza. Anavuta hewa mara mbili kwa mkupuo, ya pili juu ya ya kwanza, halafu anaishusha yote kwa kirefu, na mwili mzima unalegea begani mwa mama yake. Sisi nasi hushusha pumzi za namna hiyo, kama mara 12 kwa saa, bila kujua, kwa sababu vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu hujifunga na huhitaji kufunguliwa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha jaribio ambalo baadhi ya washiriki walishusha pumzi hivyo kwa makusudi, mivuto miwili ya pua na mtoo mmoja mrefu wa mdomo, dakika tano kila siku kwa mwezi. Hisia zao ziliboreka kuliko za waliotumia muda ule ule kuitafakari pumzi bila kuibadilisha.

Nimesema habari za mwili kwa urefu kwa sababu ndizo zinazoeleza vizuri habari za roho. Najua wapo wanaosikia "kupumua kwa makusudi" na kuona dini ya kigeni imepitishwa mlango wa nyuma. Wahindu wanayo mazoezi yao ya pumzi, pranayama, na Wabudha wana tafakuri yao ya kuifuata pumzi inavyoingia na kutoka. Hilo ni kweli, na ni ya kale. Lakini pumzi haikuanza kwao wala haikuishia kwao. Katika karne ya 14 watawa wa Mlima Athos, Ugiriki, walikuwa wakisali, "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie," wakiyaoanisha maneno na pumzi. Barlaamu, msomi wa zama hizo, aliwadhihaki. Aliona ni upuuzi kuuingiza mwili kwenye sala. Mtawa mwenzao Gregorio Palamas akawatetea, kwamba mwili nao umeumbwa na Mungu na una sehemu yake mbele zake. Kanisa la Orthodox, ambalo lina jimbo lake hapa Mwanza, lilisimama upande wa Palamas. Kwa Wakatoliki, Ignasi wa Loyola katika mazoezi yake ya kiroho ya karne ya 16 alifundisha kusali Baba Yetu neno moja kwa kila pumzi. Na ndugu wa tarika ya Kadiria wanapokaa kwenye halaka ya dhikiri, kila mwenye macho ataona kwamba jina la Mwenyezi Mungu linakwenda na pumzi, kifua kwa kifua.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa rozari. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake wa Pavia, Italia, waliwapima watu waliokuwa wakisali Salamu Maria kwa Kilatini, na pia wakiitamka mantra ya Kitibeti, yaani maneno ya sala yanayorudiwarudiwa. Zote mbili zilishusha pumzi hadi karibu mara sita kwa dakika, bila mtu kuambiwa apumue vipi, na ule uhodari wa mwili kurekebisha presha ukaongezeka. Fikiria jumuiya ndogondogo jioni, nyumbani kwa mtu Nyegezi au Buhongwa. Kiongozi anasema nusu yake, wengine wanavuta hewa kimya. Kisha wanajibu wote pamoja, na kujibu ni kutoa pumzi kwa kirefu. Bibi aliyesali hivyo miaka 50 amefanya zoezi hili kuliko mwalimu yeyote wa mtandaoni. Sharti lake ni lile ambalo makatekista hulisema kila mara: msikimbize sala. Rozari ikikimbizwa kwa sababu mvua inakuja, pumzi inakimbia nayo.

Kwaya pia. Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, kilichapisha mwaka 2013 utafiti ulioonyesha kwamba mioyo ya waimbaji wa kwaya huongeza na kupunguza mwendo kwa pamoja, ikifuata mistari ya wimbo, kwa sababu wanavuta na kutoa hewa kwa pamoja. Mwalimu wa kwaya anayewagombeza sauti ya nne wasikate pumzi katikati ya mstari anawafanyia jambo kubwa kuliko anavyojua.

Hata hivyo utulivu wa mwili si kukutana na Mungu, na naona ni hatari kuvichanganya. Mwizi anaweza kupumua mara sita kwa dakika akavunja dirisha kwa mkono usiotetemeka. Ninachoamini ni kidogo kuliko hicho, lakini kina uzito. Moyo unaokimbia husikia kelele zake tu. Mtu anapiga magoti, anamwaga maneno kwa Mungu, anasema amina, anaondoka kama alivyokuja. Pumzi ikipoa, mambo yaliyokuwa chini huanza kuonekana: kwamba ile niliyoiita hasira dhidi ya ndugu yangu ni wivu, kwamba nimekuwa na deni la kuomba radhi tangu mwaka jana. Huko kujiona ndiko watu wengi wa kiroho walikokuita kuulinda moyo. Na lipo jingine, ambalo halihitaji mafunzo yoyote. Ukiitoa pumzi mpaka mwisho ukangoja kidogo, inayofuata inakuja bila wewe kuitengeneza. Anayesali akilitambua hilo mara moja, shukrani yake haibaki ya midomo.

Kufanya kwenyewe ni kwepesi. Kaa wima bila kujikakamaza, mkono mmoja tumboni chini ya kitovu. Funga mdomo. Toa kwanza kwa pua, polepole. Kisha vuta kwa pua kama kwa sekunde nne, kiasi cha kawaida tu, mkono wa tumboni usukumwe kidogo na mabega yakae chini. Toa kwa sita. Usijaze kifua. Hewa ndogo na ya polepole ndiyo inayotakiwa. Usiyependa kuhesabu tumia maneno ya sala yako, mafupi unapovuta, marefu unapotoa. Dakika tano alfajiri, kabla daladala hazijaanza kupiga honi, zinafaa kuliko nusu saa ya mara moja kwa mwezi, maana siku ya hasira mwili hufanya uliyouzoesha.

Kuna mahali ambapo zoezi lolote la pumzi halitakiwi kabisa, nalo ni majini. Vijana wetu wanaopiga mbizi kutoka kwenye majabali ya ufukweni wana desturi ya kuhema haraka mara nyingi kabla ya kuruka, wakidhani wanajaza oksijeni. Kumbuka tulichosema: wanachofanya ni kuifukuza hewa ya ukaa. Chini ya maji ile kengele ya "panda upumue" inachelewa kulia, oksijeni inaisha kabla yake, na kijana anazimika bila kuhangaika, bila kupiga kelele. Hata mwogeleaji hodari hufa hivyo. Mwenye mtoto anayeogelea ziwani amweleze hili leo.

Anayebanwa na pumu, mwenye homa anayehema haraka, mtoto ambaye mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, mtu mzima aliyeshikwa na maumivu ya kifua, hao ni wa hospitali, tena upesi. Na wapo ambao kuikazia pumzi macho kunawaongezea hofu, hasa waliowahi kunusurika kuzama, kukabwa au kupigwa. Huyo asilazimishwe. Afumbue macho, akanyage chini kwa miguu yote miwili, ataje kwa sauti vitu anavyoviona mbele yake, au aimbe. Kuimba kutairefusha pumzi bila yeye kuiangalia. Hofu ikimrudia siku baada ya siku, Bugando wana idara ya afya ya akili. Aende mapema, na aeleze inaanza saa ngapi, akiwa wapi, na pumzi inambana namna gani.